Chambo Katika Mnada: Namna ya Kumtambua Mnunuzi Bandia Sarafu Zinaponadiwa Mtandaoni

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa Dadamu, Arua

Leo nimekuja kuzungumza juu ya wizi usiovunja mlango wala kungoja giza la usiku. Anayeibiwa hupeleka fedha zake mwenyewe, kwa furaha, akiamini kwamba ameshinda.

Kijana mmoja alifika kwenye meza yangu akiwa na sarafu ndogo yenye tundu katikati. Ilikuwa senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936. Aliinunua kwa shilingi 380,000 katika kundi la mnada kwenye simu, na fedha hizo zilikuwa karo ya mdogo wake. Aliambiwa kwamba ni sarafu adimu, kwa sababu ina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyekiachia kiti cha enzi Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji. Sarafu ilikuwa halali, na habari za mfalme zilikuwa kweli. Uongo ulikuwa katika neno “adimu”, kwa kuwa senti hizo zilipigwa kwa mamilioni, na hadi leo watozi wa sarafu huzipata kwa bei ndogo.

Nilimuuliza, “Mwanangu, nani alikuambia kwamba ina thamani hiyo?” Akajibu, “Afande, hakuna aliyeniambia. Niliona watu wanne wakiigombania.” Baada ya wiki mbili mnadi yule yule alileta senti nyingine ya aina ile ile, na watu wanne wale wale wakaigombania tena. Hapo ndipo kijana alipong'amua. Kwa aibu aliyafuta mazungumzo yote, na kwa kufanya hivyo akafuta ushahidi wetu. Fedha hazikurudi.

Ndugu zangu, jambo hili si geni kwetu. Mtu yeyote aliyewahi kununua ng'ombe mnadani anamjua yule bwana anayesimama kando ya fahali, anayempapasa mgongo, anayetaja bei kubwa kwa sauti, kisha anaondoka mikono mitupu huku mgeni akibaki na bei ile ile aliyoiacha. Hakuja kununua. Yeye ni chambo, kama nyungunyungu kwenye ndoana. Mtandaoni chambo ni akaunti au namba ya simu inayoshikwa na muuzaji mwenyewe, ndugu yake au rafiki yake. Kazi yake ni moja, nayo ni kupandisha dau asilokusudia kulilipa.

Kwa nini sarafu? Kwa sababu sarafu ya zamani haina bei dukani. Haiwezi tena kununua sukari wala chumvi, na thamani yake ni kile tu ambacho mtozi yuko tayari kutoa. Nasi wa West Nile tunaishi mahali ambapo fedha za tawala nyingi zimepita. Nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold wa Pili, aliyekuwa mwenye Kongo Huru, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Zimepita senti za shaba za Kongo zenye tundu na nyota; ikaja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921; na mwaka 1966 Benki ya Uganda ikaanza kutoa fedha zetu wenyewe. Basi mtu akikuta kipande kwenye kikapu cha bibi yake, au akikinunua Ariwara au Koboko, hana budi kuuliza, “Hiki ni kiasi gani?” Wengi hulipeleka swali hilo mnadani, na mnada wenye chambo huwapa jibu la uongo.

Sasa tuone hesabu yenyewe. Tuseme sarafu inaanza kwa shilingi 20,000. Katika minada mingi ya mtandaoni unaruhusiwa kuandika kwa siri dau lako la mwisho, na programu inakupandishia kidogo kidogo pale tu anapotokea mshindani. Wewe umeandika 150,000. Mnunuzi mwingine wa kweli anaishia 40,000. Kila hatua ni 5,000, kwa hiyo ungestahili kulipa 45,000. Lakini chambo anaingia. Anapanda 60,000, unampita. Anapanda 80,000, unampita. Anapanda 110,000, halafu 140,000, kisha ananyamaza. Umeshinda kwa 145,000. Laki moja imetoka mfukoni mwako, na hakuna aliyekugusa.

Pengine chambo huteleza akapita 150,000 na “kushinda” yeye. Usidhani umeokoka. Kesho yake utapata ujumbe: “Mshindi ameshindwa kulipa, tunakupa wewe nafasi kwa dau lako la 150,000.” Ujumbe huo una maneno matamu, lakini bei ile ilijengwa na mtu ambaye hakuwapo.

Dalili za kuangalia ni hizi. Kwanza, fungua orodha ya madau na uwatazame walioshindana nawe. Akaunti inayoshiriki karibu kila mara katika bidhaa za muuzaji mmoja tu, na karibu kila mara hushindwa, inatia shaka. Pili, angalia mwendo wake. Mnunuzi wa kweli hutaka bei ibaki chini, na mara nyingi husubiri hadi karibu na mwisho. Chambo huingia mapema, hupanda kwa hatua ndogo za haraka kama anayepapasa kutafuta ukomo wako, kisha hutoweka. Tatu, angalia madau yanayofutwa, hasa linapowekwa dau kubwa, likafichua ukomo wako, halafu likaondolewa kwa kisingizio cha kukosea tarakimu. Nne, sarafu iliyokwisha “kuuzwa” inapotangazwa upya, linganisha picha: mkwaruzo ule ule, doa lile lile, na ukingo uliolika mahali pale pale. Tano, katika makundi ya simu, sikiliza lugha. Namba tatu zenye makosa yale yale ya kuandika, zinazoamka pamoja na kulala pamoja, huenda zinashikwa na mkono mmoja.

Hata hivyo, natoa tahadhari. Dalili moja pekee haithibitishi kosa. Mtu mgeni ana haki ya kununua, na mtozi anaweza kumpenda muuzaji mmoja kwa uaminifu wake. Ni dalili kadhaa zinapokutana, tena katika minada kadhaa, ndipo shaka inakuwa na uzito. Kwa hiyo msimtangaze mtu kuwa mwizi kwenye kundi, wala msimwendee nyumbani kwa hasira. Mtamwonea asiye na kosa, au mtampa mwenye kosa nafasi ya kuficha nyayo zake.

Kinga kubwa kuliko zote ni kuijua bei kabla ya kuingia mnadani, na kuijua kutoka nje ya mnada huo. Tafuta sarafu ya aina hiyo, mwaka huo na hali hiyo imeuzwa kiasi gani na wauzaji mbalimbali. Angalia bei zilizolipwa; bei zinazoombwa ni matumaini ya muuzaji tu. Watozi huitafuta sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, kwa sababu zilitengenezwa chache na historia yake inajulikana. Lakini umaarufu huo huo umezaa nakala za kughushi. Basi mtu akikuletea “ya Tabora” kwa pupa, akakuhimiza ulipe kabla ya jua kutua, kumbuka walivyosema wahenga: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukishaijua bei, andika ukomo wako kwenye karatasi, si kichwani. Weka dau lako mara moja, karibu na mwisho wa mnada, kisha achana na simu. Chambo hula hamaki ya mshindani, na asipokuwapo wa kushindana naye hana kazi. Ukishindwa, umebaki na fedha zako. Sarafu za aina moja ni nyingi, na nyingine itakuja. Ukiletewa ile “nafasi ya pili”, ikatae, au utoe bei ambayo ingefikiwa bila madau ya yule unayemshuku. Katika mfano wetu hiyo ni 45,000, si 150,000. Na katika kundi la simu lisilo na msimamizi wa kujitegemea, usitume fedha kwa namba ya mtu usiyemjua kabla ya kuiona sarafu kwa macho yako.

Ikiwa umekwisha kulipa, usifanye kama yule kijana. Usifute kitu. Piga picha za orodha ya madau, picha za sarafu, majina na namba, pamoja na tarehe na saa. Tunza ujumbe wa malipo ya simu wenye namba ya muamala. Wapigie mara moja wahudumu wa kampuni ya simu, kwa kuwa saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Toa taarifa kwa wenye mtandao wa mnada, kisha njoo kituoni. Kufungua kesi polisi hakulipiwi, na anayekudai fedha kwa ajili hiyo umtaje kwa mkubwa wake. Kama muuzaji yuko ng'ambo ya Vurra au Oraba, njoo vilevile. Uganda, Kongo na Sudani Kusini zote ni wanachama wa Interpol, ingawa sitawaficha kwamba kesi inayovuka mpaka huenda kwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo kinga ni bora.

Sheria inasemaje? Kanuni ni ya zamani. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, ambayo sheria za nchi zetu ziliifuata, ilisema kwamba muuzaji asiyetangaza haki yake ya kutoa dau hawezi kujipandishia bei wala kumtuma mtu ampandishie. Akifanya hivyo, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Hapa Uganda, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inaadhibu ulaghai wa kielektroniki kwa faini inayoweza kufika shilingi 7,200,000, au kifungo kinachoweza kufika miaka 15, au vyote viwili. Na msidhani kwamba haya hayafiki mahakamani. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza mtu mmoja faini ya pauni 5,000 na kumpa saa 250 za kazi za jamii, kwa kuwa alitumia akaunti nyingine kupandisha bei za vitu vyake mwenyewe kwenye eBay, likiwemo basi dogo.

Hapa nawageukia vijana. Wengine wenu mtaombwa mkopeshe laini zenu za simu, au mwandike tu “naongeza elfu kumi” ili mpate soda. Laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Siku tutakapoifuata namba, tutaanzia mlangoni kwako, na kusema “nilikuwa nasaidia rafiki” hakutakutoa ndani. Chambo huonekana kitu kidogo, lakini samaki hawezi kunaswa bila chambo.

Nanyi mnaouza, sikilizeni pia. Muuzaji mwenye hofu ya kupata hasara ana njia halali. Atangaze wazi bei ambayo hatashuka chini yake, au aanzie mnada kwenye bei hiyo. Hana haja ya kumwita shemeji aje kujifanya mnunuzi. Anayeuza kwa uwazi hupata wateja wanaorudi, na biashara ya mpakani, ambako tunauziana kwa shilingi, faranga na dola, na kwa Kilugbara, Kikakwa, Kilingala na Kiswahili, inasimama juu ya uaminifu kuliko juu ya karatasi yoyote.

Nimalizie kwa yule kijana. Nilimrudishia sarafu yake, akaniuliza aitupe au aiuze. Nikamwambia aiweke. Kila atakapoona watu wakigombania kitu kwenye simu, aishike mkononi na ajiulize maswali mawili: ningetoa kiasi gani kama ningekuwa peke yangu hapa? Na hawa ninaoshindana nao, ni watu kweli? Nawaomba nanyi mjiulize hivyo hivyo, kabla karo ya mtoto haijaondoka nyumbani.

Milango ya kituo iko wazi, na maswali yenu nayapokea sasa.