Dawa ya Ukungu wa Miguu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niseme juu ya ugonjwa wa ngozi unaowapata sana watu wanaoshinda ndani ya buti za mpira: ndugu zetu wa mashamba ya maua, wa machinjioni, wa viwanda vya maziwa, na waosha magari. Mimi ni mtu wa huduma ya kwanza, si daktari. Lakini dawa ya ugonjwa huu inauzwa wazi katika duka la dawa, na wengi wanaoinunua hawaponi, kwa sababu hawakuambiwa namna ya kuitumia.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Ngozi katikati ya vidole, hasa kile kidogo na jirani yake, inakuwa nyeupe kama iliyolowekwa, inabambuka, inawasha, kisha inapasuka. Sababu yake ni ukungu, ambao siku hizi wengi huuita fangasi. Unakula ngozi ya juu iliyokufa, na unapenda joto na unyevu. Mashilingi ya mwilini na mwasho wa kinenani mara nyingi ni jamaa moja na huo.

Msidhani ni jambo la kuchekwa tu. Penye mpasuko vijidudu vingine huingia, na mguu huvimba, ukawa mwekundu na wa moto, na homa ikafuata. Hapo mtu analala hospitali. Kibarua asiyefika kazini halipwi.

Basi, dawa. Iliyo rahisi kupatikana ni klotrimazoli ya 1 kwa mia. Osha miguu kwa sabuni, kisha kausha kabisa, kila kidole kwa zamu yake. Paka kidogo tu, nyembamba, asubuhi na jioni, uvuke ukingo wa kidonda kama upana wa vidole viwili, maana ukungu umekwisha kufika mahali macho hayajaona. Halafu nawa mikono.

Sasa sikieni vizuri. Kuwasha hukoma baada ya siku chache, na hapo ndipo watu wengi huitupa tyubu. Ukungu haufi siku kuwasha kunapokoma. Endelea mpaka ngozi iwe safi, kisha ongeza wiki mbili juu yake. Kwa kawaida yote ni kama wiki nne. Iko nyingine, terbinafini, ambayo hupakwa wiki moja au mbili, ila bei yake huwa juu zaidi. Na yale mafuta ya zamani ya Whitfield bado yanafaa, lakini usiyapake penye mpasuko wala kinenani, yatakuchoma.

Ndugu mmoja aliniuliza juu ya krimu aliyopewa dukani, iliyoondoa mwasho kwa siku mbili tu. Soma maandishi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni dawa ya kutuliza ngozi, haiui ukungu. Wekundu unapungua huku ukungu unaenea chini kwa chini, hata daktari akiuona hautambui upesi. Ziko tyubu zilizochanganya dawa tatu pamoja. Mwenye duka huzisifu sana. Usizichukue bila neno la daktari.

Dawa ya kupaka ina mpaka wake. Mashilingi ya kichwani kwa watoto, na ukungu wa kucha, hutaka dawa ya kumeza, kwa hiyo nendeni zahanati. Mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu miguu peke yake. Vivyo hivyo yule ambaye mguu wake umevimba, au amepaka wiki nne bila nafuu.

Tena, vaa soksi kabla ya chupi. Mnacheka, lakini chupi ikipita juu ya mguu mgonjwa huubeba ukungu mpaka kinenani. Taulo la miguu liwe peke yake, na soksi zibadilishwe kila siku.

Lakini mtu atapaka nini, ikiwa buti alizozivua mwenzake wa usiku bado zina jasho, naye anazivaa asubuhi? Hapo si kazi ya tyubu tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga yanayofaa, na mahali pa kuwekea nguo na kuzikausha kadiri iwezekanavyo. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, nao wafanyakazi wana wajumbe wao humo. Tunataka kila mtu awe na jozi yake, na rafu ya kuanikia buti mahali penye hewa.

Wale ambao buti zao zinavaliwa na zamu mbili, wampe karani wa tawi majina yao na idara zao kabla ya kuondoka leo. Orodha hiyo ndiyo wajumbe wetu watakayoingia nayo katika kikao cha kamati.