Mcheza Kwao Hutunzwa: Na Anayecheza Ugenini Je?



Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula. Harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hiyo nitajitahidi kutowachosha.

Leo ni Jamhuri. Kila tarehe 12 Desemba, mbali na gwaride na hotuba, huko nyumbani Kenya kuna orodha ambayo watu huisubiri: orodha ya waliotunukiwa nishani na Rais. Sisi hapa Birmingham huipata kwenye simu. Tunaipitia haraka tukitafuta jina la mtu wa kwetu, kisha mabishano yanaanza. Huyu amefanya nini? Yule mbona hayumo? Jioni hii naomba tubishane, ila tubishane kwa faida.

Tukumbushane kwanza. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 132, inampa Rais mamlaka ya kutunuku heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Sheria ya mwaka 2013 ikaeleza utaratibu. Juu kabisa iko Nishani ya Moyo wa Dhahabu, yenye ngazi za CGH, EGH na MGH. Inafuata ile ya Mkuki Unaowaka, yaani CBS, EBS na MBS. Halafu kuna OGW, na HSC ambayo ni pongezi za Mkuu wa Nchi. Mnazijua herufi hizi. Mmeziona zimefuata majina ya wakubwa kwenye kadi za harusi na matangazo ya vifo.

Sheria hiyo imetaja pia nani anastahili. Ni yule aliyeonyesha ushujaa, kujitolea au uzalendo kwa manufaa ya nchi au kaunti. Ni yule aliyetoa mchango wa kupigiwa mfano katika uchumi, elimu, sayansi, michezo, uandishi wa habari, biashara au usalama. Ama ni yule aliyeiletea Jamhuri fahari kwa njia nyingine. Kwa vipimo hivyo, mkunga wa Turkana na waziri wa Nairobi wako sawa.

Lakini tazameni nishani zinavyotembea. Kwa desturi, mtu akiwa waziri, EGH humfuata. Akiwa katibu wa wizara, humfuata CBS. Sisemi kwamba hawafanyi kazi. Nasema kiti alichokalia kimeshamwombea.

Wengine huombewa na kamera. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ikiangalia. Siku 8 baadaye, Sikukuu ya Mashujaa ilipoadhimishwa Mombasa, alipewa EGH, na hakuna aliyenung'unika. Miaka miwili kabla ya hapo, mwananchi mmoja alipigwa picha akila githeri kwenye mfuko wa plastiki katika foleni ya kupiga kura. Tukambatiza Githeri Man, na kufikia Desemba alikuwa na HSC. Tulicheka, wengine tukakasirika. Mimi nasema yule bwana hakuwa na kosa lolote. Kamera ilimwona, na wengi walio bora hawajaonwa na mtu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kushughulika na orodha ya nishani. Hapo chema hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kusema, "Mimi niliona."

Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakataka Wakristo watengwe na Waislamu. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwakinga Wakristo aliosafiri nao, akafariki mwezi uliofuata. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku OGW akiwa tayari kaburini. Tulijua kisa chake kwa sababu walionusurika walisimulia, naye mwenyewe alikisimulia akiwa hospitalini. Lakini wale kina mama wa mitandio, majina yao hayakusikika kama lake.

Au mchukueni yule mtoto wa miaka 9 wa Bungoma, aliyetengeneza mtambo wa mbao wa kunawia mikono wakati wa korona, mtu anakanyaga kwa mguu na maji yanatoka. Baba yake aliweka picha mtandaoni. Tarehe 1 Juni 2020 mtoto yule alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Rais ya Uzalendo. Angekuwa na baba mnyamavu, mtambo ungeoza uani.

Wenyeji wetu hapa Uingereza waligundua kwamba mwema anahitaji wa kumsemea. Zamani nishani zao nazo zilizunguka zaidi kwa watumishi wa serikali na wenye vyeo. Mwaka 1993 Waziri Mkuu John Major aliwafungulia mlango raia wa kawaida kupendekeza majina. Leo jirani yako anaweza kumwandikia mama anayewavusha watoto barabara mbele ya shule, akaambatisha barua mbili za kumuunga mkono, na mama yule akaitwa kwa Mfalme. Bado wana malalamiko yao, lakini angalau mlango unajulikana ulipo. Na kwetu pia wananchi hualikwa kupendekeza. Sisi ndio hatuandiki.

Mcheza kwao hutunzwa. Sasa sisi tunaocheza ugenini, nani atatutunza? Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Pesa hizo tunazitaja kila tukitaka kusifiwa, lakini mimi siwaombei nishani wanaotuma pesa. Kumlipia mdogo wako karo ni wajibu. Namzungumzia yule ambaye, mtu wetu akifariki hapa, anakaa usiku kucha na daftari la michango mpaka maiti ifike Kisii au Kilifi, na hesabu yake haipungui hata senti. Namzungumzia muuguzi ambaye baada ya zamu ya usiku huwasindikiza wageni kwa mawakili wa uhamiaji. Namzungumzia mwalimu anayewafundisha watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi bila malipo. Watu hao mnawajua. Baadhi yao wako humu, wanaangalia chini.

Najua kuna atakayesema mtu mwema hatafuti nishani. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo huu si wake. Ni wetu tulioona. Heshima hizi zinatolewa kwa jina letu. Tukinyamaza, wenye viti watatusemea, na hatutakuwa na haki ya kulalamika orodha ikitoka.

Basi naomba mambo matatu. Kabla hujaondoka leo, andika jina la mtu mmoja, ila lisiwe lako wala la mkeo au mumeo. Chini yake andika alichofanya, wapi, mwaka gani, na nani anaweza kushuhudia. Usiandike "ni mtu mzuri sana", kwa sababu wazuri ni wengi. Pili, katibu wa jumuiya yetu ayakusanye majina hayo, kamati iyahakiki bila kuangalia kabila wala chama, kisha yapitie ubalozini yafike kwa wahusika Nairobi. Tatu, yasipojibiwa mwaka huu, tuyatume tena mwaka ujao.

Na tusingoje mtu afe ndipo tumkumbuke. Maua ya matanga tumenunua ya kutosha. Kalamu ziko pale mlangoni. Anzeni na mtu aliye hai.