Aliyewasha Moto na Aliyefunga Mlango

Bweni likiungua Kenya, tunakimbilia kuuliza: nani kawasha? Kisheria, jibu la swali hilo halimalizi kesi.

Shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa. Moto uliwashwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwasha moto ana jinai yake. Aliyefunga mlango ana uzembe wake. La kwanza halifuti la pili.

Mahakama zetu zilirithi kipimo cha kesi ya Uingereza ya mwaka 1893: mwalimu amwangalie mwanafunzi kama mzazi makini anavyomwangalia mwanawe. Si kipimo kikali, tusidanganyane. Mtoto akiteguka mguu uwanjani, mwalimu akiwa papo hapo, shule huenda isilipe chochote. Mlalamikaji lazima athibitishe kwamba hatari ilitabirika na shule haikuchukua tahadhari ya kutosha.

Kuhusu mabweni, nani atadai hakutabiri? Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachane mita 1.2. Hata hivyo, Septemba 2024, wavulana 21 waliangamia kwa moto katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni lililolaza zaidi ya 150.

Shule haijisajili yenyewe, wala haijikagui; hiyo ni kazi ya serikali. Mzazi anayefungua madai asiiandike shule peke yake. Wizara nayo iitwe ijibu.