Kitanzi Hakiulizi Umri



Ng'ombe akipelekwa mnadani, mnunuzi humfunua mdomo akamtazama meno, akajua umri wake. Mnyama wa porini hatoi nafasi hiyo. Anakutazama kwa mbali, mara ametimka. Katika muda huo mfupi mwindaji halali hutakiwa kuamua: huyu ni mtoto, ni dume lililo katika nguvu zake, au ni mzee?

Hili si jambo la anasa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda mnyama mchanga, jike mwenye mimba, au jike anayefuatana na mtoto, isipokuwa kwa kibali maalumu cha maandishi. Asiyeweza kutambua umri ataitii vipi sheria hiyo?

Wengi hudhani kuwa mwenye pembe ndefu ndiye mzee. Sivyo. Kulungu wa Ulaya huangusha pembe na kuota nyingine kila mwaka, lakini swala wetu hubaki na zilezile maisha yake yote. Swala pala dume akiwa kijana, pembe zake ni vijiti vifupi vilivyonyooka. Akikua hupinda, kisha ncha huelekea juu. Akizeeka ncha husagika, hivyo mzee aweza kuzidiwa urefu na mdogo wake. Wala zile pete za pembeni si miaka ya kuhesabu.

Kwa hiyo utazamwe mwili mzima. Kijana ana shingo nyembamba, na miguu huonekana mirefu. Dume lililokomaa lina shingo nene. Mzee hubonyea mgongo, mifupa ya nyonga hujitokeza, na masikio yamechanika. Pongo dume naye huzidi kuwa mweusi kadiri anavyokula miaka.

Huko Kagera, mapori ya akiba ya Ibanda, wilayani Kyerwa, na Rumanyika, wilayani Karagwe, yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi za taifa. Uwindaji umekoma humo, lakini elimu hii haikustaafu. Askari wa hifadhi mwenye darubini akiona kundi lina vijana, wakubwa na watoto ubavuni mwa mama zao, hujua kuwa kundi linazaa. Akiona wakubwa watupu, msimu baada ya msimu, hana budi kutafuta sababu.

Sababu mojawapo yaweza kuwa kitanzi cha waya. Mwindaji mwenye macho huchagua, kitanzi hakichagui. Hakitazami pembe wala shingo. Humnasa jike mwenye mimba sawa na dume kongwe, na jike anayenyonyesha akifa, mtoto wake humfuata kwa njaa.

Hapo ndipo sisi wa mijini tunapoingia. Nyama inayoletwa mlangoni usiku, kwa bei ya kunong'onezana, haina leseni wala stakabadhi. Hatujui ni ya mzee au ya mama mlezi. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni za bucha za nyamapori. Anayeitamani nyama hiyo na aende huko, aulize leseni, adai stakabadhi. Mtega waya hutega kwa sababu yuko mnunuzi. Mnunuzi akikosekana, waya utarudi kufunga uzio wa shamba.