Sindano ya majaribio kwa maumivu ya mgongo

Si kila mwenye maumivu sugu ya mgongo hunufaika na tiba ya kuunguza neva kwa joto. Ndiyo maana daktari huanza na kipimo: hudunga dawa kidogo ya ganzi, kama lidokeini, kando ya neva ndogo za viungo vya uti wa mgongo. Saa zinazofuata, inama, tembea, panda ngazi, kisha andika, kwa mfano: kabla ya sindano maumivu 8 kati ya 10, sasa 2. Yakipungua kwa nusu au zaidi, huenda chanzo kimepatikana. Lakini matumaini pekee nayo hutuliza maumivu, hivyo madaktari wengi hurudia kipimo. Tafadhali, andika unachohisi kweli, hata kama hujapata nafuu. Jibu la kweli hukuepusha na tiba isiyokufaa.