Kabla ya Msumeno Kuingia Kiwanjani



Oyugis inapanuka kandokando ya barabara ya Kisumu–Kisii, na mara nyingi kinachotangulia kuingia kiwanjani ni msumeno. Mti unakatwa leo, ramani inachorwa kesho. Geuzeni mpangilio huo.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi kuanza. Miradi mikubwa huhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira, inayopelekwa NEMA. Basi katika ramani onyesheni kila siala, ober na ng'owo aliyepo kiwanjani. Kusogeza choo au ukuta hatua chache kwenye karatasi hakugharimu kitu.

Ng'owo, yaani mkuyu, tunamtetea zaidi. Mwari wamezoea kutaga juu ya mikuyu ya Oyugis, na wageni wengi wameujua mji huu kwa ndege hao. Mtu husema, "Nitapanda mwingine." Mkaratusi hurefuka upesi, kweli, lakini mkuyu wa kubeba viota haununuliwi kitaluni.

Mwenye ramani aje nayo ofisi ya mipango kwanza. Mwenye msumeno atangoja.