Likizo ya Kipupwe Kisiwani Unguja

Katika mazungumzo ya leo twapenda kusema na wale wanaokusudia kwenda kupumzika kisiwani Unguja wakati wa kipupwe, yaani tangu mwezi wa Juni hata Agosti. Wanafunzi wengi wa bara hupata likizo yao katika miezi hiyo, na wageni wa Ulaya nao huja kwa wingi, maana kwao ndiyo majira ya kupumzika. Masika yamekwisha, kusi yavuma, jua halichomi sana, na usiku mtu hutafuta shuka ya kujifunika.

Kusi huleta baridi njema, lakini pia huchafua bahari. Meli za mwendo wa haraka huvuka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na mkondo huu si wa kudharauliwa. Mwezi wa Julai 2012 meli iitwayo Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali, na watu wengi wakapotea. Basi mkiambiwa kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya upepo, msimgombeze karani. Kalaleni, mwende kesho.

Mkiisha kufika, wengi watawatajia majina ya mahali pa kutazama. Sisi twawashauri muulize kwanza swali moja: leo maji yanajaa saa ngapi, nayo yanakupwa saa ngapi? Msiulize hotelini tu, muulizeni mvuvi. Katika kisiwa hiki pwani mliyoiona asubuhi siyo mtakayoiona alasiri, na mtu asiyejua saa za maji hufika kila mahali wakati usiofaa.

Hesabu yake si ngumu. Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na toka kujaa hata kupwa ni muda wa saa sita na robo hivi. Kila siku saa hizo hukawia kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti yake Unguja hukaribia mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili. Siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na kujaa kama saa kumi alasiri. Baada ya juma moja huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu, na saa zake zimegeuka: asubuhi yamejaa, alasiri yamekupwa. Kwa hiyo mtu anayeutazama mwezi usiku aweza kujua kesho yake itakuwaje.

Siku ya bamvua, mkiwa mjini, nendeni Forodhani alasiri. Vijana wa mji hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kujipindua hewani. Hakuna kiingilio. Ajaribuye kufanya hivyo asubuhi maji yakiwa yamekupwa atavunjika shingo, na watoto wa Forodhani walijua hilo kabla ya kujua kusoma. Jioni hapo hapo mtapata urojo, mishkaki na maji ya miwa. Karibu yake iko Ngome Kongwe, na jumba la Beit-al-Ajaib alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Sehemu ya mbele ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, basi ulizeni kwanza kama kuna ruhusa ya kuingia. Wala msiondoke mjini bila kufika Mkunazini, penye kanisa kuu la Kiangilikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873. Huko watu hunyamaza wenyewe.

Nje ya mji mambo ni mengi, nasi tutayapita upesi. Katika msitu wa Jozani wako kima punju, wenye mgongo mwekundu, ambao asili yao ni kisiwa hiki peke yake. Kizimkazi Dimbani uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Huko huko watu hukodi mashua kwenda kutazama pomboo, nasi hatukupendezwa kuona mashua nyingi zikimfukuza mnyama mmoja. Mkipanda, mwambieni nahodha asimame mbali. Nungwi mtawaona mafundi wakiunda majahazi bila ramani yoyote, na kukalafati kwa pamba. Mwezi wa Julai, Makunduchi huwa na Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kutoa kinyongo cha mwaka uliopita. Mgeni hukaribishwa chakula siku hiyo, na kukataa si adabu.

Sasa twaja pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Huko mwamba mrefu umekinga kisiwa, na katikati ya mwamba na ufuo iko bahari ya ndani, ambayo wakati wa bamvua hupwa mpaka ukaonekana mchanga kwa mwendo mrefu. Wanawake huteremka kulima mwani, kazi iliyoanza huko mwaka 1989. Hupiga vigingi, hufunga kamba, na kwenye kamba hutundika vichipukizi. Wengine hutafuta pweza mashimoni kwa kijiti.

Sisi tulifika Jambiani siku ya bamvua, saa nne na nusu asubuhi, na bila kumwuliza mtu tukashika njia ya mwambani. Tuliona viti vya pweza vyekundu, tukaokota makombe, tukasahau saa. Maji yalipoanza kurudi tulidhani hayana haraka, na kweli mwanzo hayana. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja tu katika sehemu 12 za kimo chake, na ya pili sehemu mbili. Lakini saa ya tatu na ya nne hupanda sehemu tatu tatu. Tena hayaji kutoka mbele tu. Hupita penye milango ya mwamba, na kwanza hujaza mabonde yaliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu. Wewe wasimama pakavu, kumbe umekwisha kuzungukwa.

Bibi mmoja wa mwani alituona. Alipiga ukelele, "Mwenda wapi, wanangu? Rudini! Maji yajaa!" Tukamjibu kwa mkono, kama watu wanaosalimiwa. Akauacha mzigo wake, akatufuata mwenyewe, maji yakiwa magotini mwake, akatuonyesha njia ya kuzunguka juu ya fungu la mchanga. Tulipofika ufuoni tulikuwa tumelowa hata kifuani. Mwani aliokuwa ameuchuma asubuhi ile ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na maji.

Tulimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba," kwa sauti kavu. Tulitoa fedha, akazikataa. Alisema, "Mimi sikuja kuuza watu. Kesho njooni saa nne na nusu, maji yatakuwa yamekawia kidogo. Mtatembea mpaka mwambani na mjukuu wangu, kisha mtanichukulia mwani wangu."

Siku ya pili tulikwenda. Kijana yule alitupitisha mahali ambapo hatukanyagi kamba za watu wala matumbawe, akatuonyesha pweza ndani ya shimo ambalo sisi tungalipita mara mia bila kuliona. Viti vya pweza tuliviangalia majini, hatukuvitoa, maana alisema vikitolewa juani hufa. Tuligeuka mapema, kabla ya kuambiwa. Magunia yalikuwa matano, na mwani mbichi ni mzito kuliko unavyodhani. Tulikwenda safari mbili kila mtu, na safari ya mwisho maji yalikuwa yamekwisha kufika vifundoni.